Kalibu ya Matundu Sita Dirishani

Baba mkwe wangu alinifundisha kusubu risasi huku akiangalia migomba. Shingo yake ilikuwa nzima. Ni kwamba kwetu Manga, mzee na mke wa mwanawe wana mipaka yao, tunaiita chinsoni, na mgeni akitaka kuielewa upesi namwambia achukue haya, achanganye na heshima, kisha aongeze woga kidogo. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Jikoni kwa mkaza mwana hata kuchungulia hachungulii. Hatupeani mikono, hatukai benchi moja, na nikimpelekea chai naiweka juu ya kigoda, naondoka, ndipo anaisogelea. Nilipoolewa niliuona mpango huu kama adhabu, maana mimi ni mtu wa mdomo, nimelelewa sokoni Kebirigo, na kukaa kimya karibu na binadamu mwenzangu kunaniwasha mwili. Baadaye nikazoea. Hata nikaanza kuona faida ya kuwa na mtu mmoja duniani asiyeweza kuja kufunua sufuria zangu.

Risasi ninayoisema ni ile metali laini ya kijivu, nzito kuliko inavyoonekana. Ya bunduki sina habari nayo. Yetu ilitoka kwenye magurudumu ya magari, na ilikuwa ikienda ziwani kuzamisha nyavu.

Ilianza na mama mmoja wa upande wa ziwa ambaye huja Kebirigo siku za soko kuuza omena na kununua ndizi. Meza yake inapakana na yangu, ninapouza kamba, misumari na makarai. Siku moja alikuwa analalamika juu ya vizito vya nyavu, vile vipande vidogo vinavyofungwa kwenye ukingo wa chini wa wavu ili uzame. Alisema vile anavyouziwa havilingani, kimoja kizito, kingine chepesi, hivyo wavu unaingia majini umeinama upande kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nikakumbuka kwamba mume wangu, ambaye anaziba pancha na kusawazisha magurudumu ng'ambo ya barabara, ana ndoo nzima ya vipande vya risasi alivyobandua kwenye rimu kuukuu na ambavyo hajui avipeleke wapi. Ndoo ile ilikuwa imenivunja kidole cha mguu mara moja, kwa hiyo nilikuwa na kisasi nayo. Nikamwambia yule mama aniachie kazi hiyo.

Sikujua nimeahidi nini. Nilichukua sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena, nikayeyusha risasi jikoni, dirisha na mlango wazi, watoto wakiwa wamefukuzwa hadi kwa jirani. Nikatoboa tundu katika bonge la udongo wa mfinyanzi, nikamimina. Kilichotoka kilifanana na jino la ng'ombe. Cha pili kilifanana na kidole gumba kilichopigwa nyundo. Kila kimoja kilidai udongo mpya, subira mpya na matusi mapya ambayo mwanamke wa kanisa hafai kuyajua. Nilipompelekea yule mama vichache nilivyoambulia, alivipanga mezani, akavitazama, akaniuliza kama siku hizi nauza dawa za kienyeji.

Sasa nimweleze mzee mwenyewe. Ujana wake wote aliumalizia Tabaka, akichonga jiwe la sabuni: viboko, bakuli, vifaru, na wale watu wembamba waliokumbatiana ambao wazungu hupenda kuwaweka mezani. Alirudi Manga na patasi zake ndani ya gunia, akalima chai na ndizi kama kila mtu. Mama mkwe alipofariki, gunia likaingia chini ya kitanda na mzee akaingia katika kimya. Asubuhi alikuwa akitoka, anaketi kwenye baraza la nyumba yake, na jioni ungemkuta palepale. Jicho moja lilikuwa limeanza kufanya ukungu. Chakula nilichompelekea kilirudi nusu, na mimi, ambaye nimepigana na watu kwa sababu ya kusema ugali wangu ni mgumu, nilirudisha sahani zile jikoni bila neno.

Kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu, anaishi Nyansiongo, kwenye shamba kubwa la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ni mtu mwema mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hutumia sauti hiyohiyo kwa watu. Alikuja siku moja akatangaza kwamba shule zikifungwa ataleta pikapu amchukue mzee akaishi naye. Alisema mlima huu wetu hauna huruma kwa mtu asiyeona vizuri, na kwamba nyumba yenye mtu mmoja si nyumba. Nilimjibu kwamba mzee ana watu, sisi tupo, moshi wetu anauona. Akaniuliza swali moja tu: hapa anafanya nini? Hakuwa akifanya chochote, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Mzee hakubisha. Ila jioni alimwambia mume wangu kwamba kaburi la mkewe liko nyuma ya nyumba, na hajui atakuwa anaongea na nani asubuhi huko Nyansiongo. Mume wangu alinisimulia hayo tukila, kisha akaendelea kula. Mume wangu ni mpole kupita kiasi, mbele ya kakake huwa laini kama uji wa mtoto. Nikajua kwamba mzee asipotetewa na mimi basi hatatetewa na mtu. Nilitaka abaki. Nilitaka kwa ajili yake, na nilitaka kwa ajili yangu pia, maana nilikuwa nampenda mzee yule, ingawa katika miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumesemezana maneno ambayo yangetosha kwenye kibao cha duka.

Kwa hiyo nikamtegea. Nilichukua vile vizito vyangu vya aibu nikavipanga kwenye ukuta mfupi wa baraza lake, mahali anapowekea kikombe, nikaenda zangu. Kutwa nzima sikusikia kitu. Kesho yake asubuhi, nikiwa nachagua mboga, nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, chuma juu ya jiwe. Sikwenda kutazama. Nilikaa nikitabasamu peke yangu na sufuria ya chinsaga kama mtu aliyechanganyikiwa.

Kalibu ya kwanza aliyochonga, yaani jiwe la kumiminia risasi, ilikuwa na matundu mawili. Aliiweka kwenye ukingo wa dirisha la jiko langu, akasogea kando, akakohoa. Ndivyo mambo yote yalivyopita kati yetu kuanzia siku hiyo. Yeye aliweka, akakohoa, mimi nikachukua. Mimi niliweka, nikakohoa, yeye akachukua. Mtu aliyepita njiani angedhani boma letu lina kifua kikuu.

Matundu mawili yalinitosha mimi, lakini si yeye. Alisema kupitia dirishani, akiwa kwenye kigoda chake, ubavu ukutani na uso kwa migomba, kwamba mtu akiwasha moto kwa vipande viwili anaonea kuni. Akaenda mbali zaidi: akaagiza jiwe Tabaka kwa kijana wa bodaboda, akalikata mapande mawili bapa, akayasugua moja juu ya jingine mpaka ukiyaunganisha huwezi kupitisha wembe katikati. Katika kila pande akachonga nusu ya umbo, sita kwa sita. Jicho likimsaliti alitumia ncha ya kidole chake kidogo, akiiingiza tunduni na kuizungusha, kisha anahamia la pili, kisha anarudi la kwanza. Misumari miwili iliyokatwa vichwa ikawa ya kuzuia mapande yasihame. Juu akalaza kipande cha chuma bapa kutoka kwa mume wangu, chenye matundu sita madogo, kinachozunguka kwenye skrubu moja. Unamimina kupitia chuma hicho, risasi inaganda, unakigonga kwa kipande cha mti, kinazunguka na kukata mikia yote sita kwa mara moja. Mlio ule wa kukata ulikuwa mtamu, sijui niufananishe na nini. Nilikuwa naugonga hata bila sababu.

Na kalibu ile ilikuwa na maringo. Nilidhani matundu sita ni matundu mawili mara tatu, kumbe ni mnyama mwingine kabisa. Kwanza jiwe likiwa baridi, risasi inagandia mlangoni na vizito vinatoka vimekunjamana kama uso wa mtoto aliyenyimwa sukari. Lazima ulipashe kwenye ukingo wa moto, kisha umimine mara kadhaa za kutupa, urudishe sufuriani, ndipo linakubali. Pili, nilijaribu kumimina kwa mkupuo ili matundu yote yajae pamoja. La mwisho halikujaa hata mara moja. Mzee akasikia nikisonya. Akaniambia, akiieleza migomba, kwamba nijaze moja, nihesabu pumzi, niende la pili, kama mtu anayegawa uji kwa watoto sita: ukimwagia wote kwa haraka wa mwisho hulia. Tatu, hewa iliyomo ndani lazima ipate pa kutokea, kwa hiyo alichora mistari myembamba kama unywele kati ya mapande. Halafu vizito vilikuwa vinang'ang'ania ndani. Alinielekeza niyafukizie matundu moshi wa koroboi mpaka yawe na masizi mepesi, na baada ya hapo vilidondoka vyenyewe, tap tap tap, juu ya gunia.

Siku kalibu ilipokolea joto, kila nilipoifungua ilitoa vizito sita, vyote vinang'aa, vyote sawa. Nilivimwaga kwenye ukingo wa dirisha, nikakohoa. Mzee alivichukua kimoja kimoja, akavipima kiganjani, akafumba macho yote mawili. Akasema, "Mokamwana, hivi vimezaliwa na mama mmoja." Neno hilo mokamwana ni mkaza mwana kwa Ekegusii, kama Tata ninavyomwita yeye ni baba, na hakuwahi kuniita hivyo kwa sauti ya kucheza. Nilifurahi mpaka nikaunguza mboga.

Hapo tukazoeana. Kazi ya kusubu ina vipindi vingi vya kungoja, na katika kungoja watu huongea. Nilimsimulia soko lote: nani kamuuzia nani kuku mgonjwa, nani kabadilisha kanisa kwa sababu ya kwaya. Alicheka kicheko cha puani, mabega yakitikisika, nami niliyaona mabega hayo tu, kwa pembeni, kupitia dirishani. Alinisimulia jinsi alivyokutana na mama mkwe, ambaye alikataa kinyago chake cha kwanza akisema kiboko kile kina sura ya shangazi yake. Nilijua sasa kwamba alipenda chai ya moto kupita kiasi, kwamba aliogopa paka, kwamba hakuwahi kumaliza bao hata mara moja bila kugombana. Sahani zikawa zinarudi tupu. Yule mama wa ziwani akachukua beseni la kwanza, akarudi akitaka jingine, akasema safari hii wavu umezama wima. Nikampigia shemeji simu kumwambia mzee ana kazi na anakula. Akasema vizuri, atakuja Jumapili ajionee, na pikapu atakuja nayo hata hivyo.

Hilo la hata hivyo lilitukimbiza. Ijumaa ile mzee aliamua kwamba mwanawe lazima akute beseni limejaa na kalibu inang'aa. Basi akafanya walivyomfundisha Tabaka tangu utotoni. Kule jiwe halitoki mkononi mwa fundi bila kuoshwa. Linasuguliwa kwa msasa ndani ya maji, tena na tena, mpaka rangi yake ijitokeze, ile ya waridi yenye mishipa ya kijivu, ndipo linastahili kuonekana na mnunuzi. Alilisugua jiwe lile mchana kutwa ndani ya karai, akalifuta kwa kitambaa, akaliunganisha, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha.

Mimi nilichelewa kutoka sokoni. Sisi ni watu wa Sabato, na Ijumaa jua likizama kazi imekwisha, upende usipende. Nilipofika nilikuta jua limeshagusa mlima, nikawasha moto, nikatupa risasi sufuriani, nikawa natazama mwanga mlangoni kama mtu anayefukuzwa na mvua. Siku nyingine mzee angeuliza kama jiwe limepata moto. Siku ile alikuwa anaisifia migomba rangi ya jiwe lake. Siku nyingine mimi ningelipasha bila kuulizwa. Nililichukua, nikaona lilivyo safi, zuri, kavu kwa nje, nikajiambia mara ya kwanza ni ya kutupa tu, moto wa risasi utalipasha wenyewe. Nikachota upawa nikamimina katika tundu la kwanza.

Maji yalikuwa yamejificha kwenye ile mistari ya hewa. Halikuwa bomu, ulikuwa mlio mfupi, kama mtu ametema mate kwa hasira. Risasi ikaruka juu. Nilifumba macho kabla ya kujua kwa nini, nikahisi mkono unaungua kutoka kiwiko kushuka, na upawa ukanitoka ukaangukia moto. Leso niliyojitanda mabegani ikaanza kunuka. Nilizunguka katika jiko langu mwenyewe, jiko ninalolijua kuliko kiganja changu, na sikuupata mlango. Nilipiga kelele. Sikuita jina la mtu, nilipiga kelele tu.

Nikasikia kigoda kikianguka nje. Kisha mlango ukapigwa teke. Mtu akanivua leso kwa nguvu, akaikanyaga, akanishika kifundo cha mkono, akaniburura hadi kwenye pipa la maji ya mvua chini ya mlizamu. Akauzamisha mkono wangu mpaka begani na kuushikilia humo.

"Fumbua macho," akasema.

Niliogopa. Akarudia, kwa upole zaidi. Nilipofumbua nilikuta uso wake mbele ya uso wangu, karibu kama wa daktari. Ana kovu dogo chini ya kidevu ambalo sikuwahi kuliona.

"Unaniona?"

"Nakuona, Tata."

Alitoa pumzi ndefu. Kisha akautazama mkono wangu majini, akautazama wake ulioushika, na nikaona anatambua alipo. Aliuachia taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akageuza uso, akaenda nyumbani kwake akafunga mlango. Jua lilikuwa limezama.

Muuguzi wa kituo cha afya alinisafisha, akanifunga bandeji, akasema nimebahatika sana kuhusu macho. Kesho yake, Sabato, mzee hakuonekana kanisani, na jioni alimwita mume wangu akamwambia kwa ufupi kwamba aliingia jikoni, alimvua mke wa mwanawe leso, alimshika mkono, kwa hiyo hawezi tena kuishi katika boma hili kama baba. Angeondoka na pikapu. Gunia la patasi lilikuwa tayari limefungwa kamba. Nilipoambiwa nililia, na sikulilia mkono. Tulikuwa tumeshapata tulichokuwa tukikitafuta, na ni mimi niliyekiharibu kwa haraka zangu, na yeye kwa usafi wake.

Jumapili shemeji alifika na pikapu, na pembeni yake ameketi shangazi, dada mkubwa wa mzee, ambaye alimchukua njiani ili amsaidie kumshawishi mzee kuhama. Maskini hakujua kwamba mzee ameshajishawishi. Waliketi barazani kwa mzee. Mimi niliweka chai, nikarudi kusimama kwenye kona ya nyumba, mahali pa mkaza mwana. Mzee alisimulia kila kitu bila kujipunguzia, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Shemeji alitazama viatu vyake. Ile sauti ya ng'ombe ilikuwa imempotea. Mwishowe akasema basi hakuna la kujadili, wapakie vitu.

Mwanamke aliyeolewa hazungumzi katika kikao kama kile kabla ya kuulizwa. Mimi nilizungumza.

"Tata hakuja jikoni kwangu kutembea," nikasema. "Nilikuwa naungua. Angebaki nje kwa ajili ya chinsoni, leo mngekuwa mmekaa hapa kupanga mazishi yangu, na yeye angekuwa bado na heshima zake zote."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Shangazi alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kwa sababu yeye hamwachii mtu chai, kisha akamgeukia shemeji. Akamuuliza nyumba yake ya Nyansiongo ina milango mingapi. Mmoja, wa mbele. Mkewe anapikia wapi? Ndani. Na mzee angelala wapi? Kile chumba kinachopakana na jiko.

"Kwa hiyo," shangazi akasema, "ameingia jikoni kwa mkaza mwana mara moja, nawe unataka kumwadhibu kwa kumpeleka akaishi jikoni kwa mkaza mwana."

Shemeji alisema angemjengea nyumba yake kando. Shangazi akamwambia ajenge kwanza, ng'ombe hanunuliwi kwa nyayo zake. Mume wangu, akifurahi kwamba kuna jambo analoweza kufanya, akauliza kama basi achinjwe mbuzi wa kusafisha kosa. Shangazi akasema sisi ni watu wa kanisa, tutaomba, mbuzi aachwe na maisha yake. Wakaomba. Nilisema amina kwa sauti iliyowafanya kuku wahame.

Ndipo shangazi akanitazama mimi, kisha mzee, akasema bila ukali kwamba dirisha lile lifungwe. Alisema alishasikia habari za vicheko hata kabla ya moto, na kwamba tulikuwa tumekaribiana mno kwa watu wa aina yetu. Mzee akasema ni kweli. Nami nilijua ni kweli, ingawa sijui hadi leo ubaya wake ulikuwa wapi.

Basi mzee alibaki. Pikapu iliondoka na shangazi na mkungu wa ndizi. Mume wangu alilipigilia dirisha mbao nusu ya chini, na kazi yote ikahamia kwenye kibanda chake cha pancha Kebirigo. Asubuhi mzee hupanda bodaboda kama kijana, huketi kati ya matairi na kalibu yake, ambayo sasa ina matundu matano mazima na moja lililomeguka. Analipasha jiwe mpaka wateja wanalalamika joto. Amenenepa. Kuna wazee wawili wanaokuja kumtazama akifanya kazi na kugombana naye juu ya bao. Yule mama wa ziwani huchukua vizito moja kwa moja kutoka kwake. Shemeji akipiga simu anaambiwa mzee yuko kazini, apige baadaye.

Nilitaka abaki nyumbani, na yuko nyumbani. Jioni namwona akipita kuelekea kwake, ananisalimu kwa mbali, namwitikia kwa mbali, chai naiweka juu ya kigoda na kuondoka. Nikipika nasema vichekesho vyangu, na hakuna mabega yanayotikisika. Namkosa mtu ninayemwona kila siku. Sikujua kwamba hilo linawezekana.

Kila jioni mume wangu akiingia, kabla hajavua koti, huniambia, "Mzee anauliza mkono unaendeleaje." Mkono ulipona zamani. Umebaki na alama ndogo ndogo nyeupe, kama punje za wimbi. Na kila jioni namjibu amwambie bado unauma kidogo. Mume wangu huutazama mkono huo ukisonga ugali, kisha huvuka ua kwenda kumwambia.